Mali Bila Daftari: Jinsi ya Kuomba na Kutunza Namba za Intaneti Kutoka Masjala ya Kanda

Wengi hufungua fomu ya maombi kabla hawajajua wanamwomba nani, wanaomba nini, wala kama wana haja nayo. Mwongozo huu ni wa mhandisi au msimamizi wa mtandao ambaye shirika lake limefika mahali pa kutaka anwani zake lenyewe za IP, badala ya kuendelea kuazima za kampuni inayoliuzia intaneti. Shirika hilo laweza kuwa mtoa huduma za intaneti, chuo, benki au kituo cha data.

Jambo moja lieleweke kabla ya yote: masjala haikuuzii anwani. Kazi yake ni kuandika kwenye daftari lake kwamba namba hizi, kuanzia hii hadi ile, zimekabidhiwa shirika lako na si jingine. Haina ruta inayopitisha data zako, wala haiwezi kumlazimisha mtu azipitishe. Nguvu yake yote ni kwamba dunia inaliamini daftari lake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huku kwenye namba za intaneti, daftari ndiyo mali yenyewe. Ukilishika hilo, hatua nyingi zinazoonekana kama urasimu zitaanza kuwa na maana.

Namba zinatoka wapi

Juu kabisa ipo IANA, kazi ya kugawa namba za intaneti kwa dunia nzima, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa mwanasayansi wa kompyuta Jon Postel na wenzake, na sasa iko chini ya ICANN, shirika linaloratibu majina na namba za intaneti. IANA haizungumzi na shirika moja moja. Hutoa mafungu makubwa kwa masjala tano za kanda. RIPE NCC, yenye makao Amsterdam, ndiyo kongwe, ilianza 1992 na huhudumia Ulaya, Mashariki ya Kati na sehemu ya Asia ya Kati. APNIC ya Brisbane, iliyoanza 1993, ina Asia iliyobaki na nchi za Pasifiki. ARIN ilianza 1997 kwa ajili ya Marekani, Kanada na baadhi ya visiwa vya Karibi. LACNIC ya Montevideo ilitambuliwa 2002 kwa Amerika ya Kusini na ya Kati, na AFRINIC, yenye ofisi Ebène nchini Morisi, ilitambuliwa 2005 kwa bara la Afrika na visiwa vyake vya Bahari ya Hindi.

Huchagui masjala kwa kuipenda. Kanda huamuliwa na mahali shirika liliposajiliwa kisheria na mahali mtandao wake ulipo. Katika nchi chache, kama Japani, Korea Kusini, Vietnam na Brazili, kuna pia masjala ya taifa inayopokea maombi ya nchi hiyo.

Vitu unavyoweza kuomba ni vitatu: anwani za IPv4, yaani za toleo la zamani zilizo haba, anwani za IPv6, za toleo jipya zilizo tele, na namba ya mfumo huru, ambayo wahandisi wote huiita ASN. Hiyo ya tatu ndiyo kitambulisho cha mtandao wako mbele ya mitandao mingine katika BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kuambiana njia.

Ukubwa wa fungu la anwani huandikwa kwa mkwaju na namba. Namba ikikua, fungu hupungua kwa nusu kila hatua: /22 ni anwani 1,024 za IPv4, /23 ni 512, /24 ni 256. Hii ya mwisho ikumbuke, kwa sababu mitandao mingi duniani haipokei tangazo la IPv4 lililo dogo kuliko /24. Kwa IPv6 mpaka huo ni /48. Hakuna sheria iliyoandika hivyo; ni desturi, lakini desturi inayofunga milango kama sheria.

Hatua ya 1: Jiulize kama unazihitaji

Ukiwa na ofisi yenye kompyuta mia mbili na mtoa huduma mmoja, huenda huhitaji chochote. Anwani za ndani, zile za 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, zimetengwa kwa matumizi ya ndani na hazihitaji ruhusa ya mtu. Upande wa nje mtoa huduma atakupa anwani chache kutoka fungu lake.

Haja huanza pale unapotaka kuunganishwa na watoa huduma wawili au zaidi ili mmoja akikatika mwingine abebe. Au unapotaka kubadilishana data moja kwa moja na mitandao mingine kwenye kituo cha mabadilishano. Au unapokuwa wewe ndiye unayewauzia wengine. Kuna sababu nyingine ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa: ukitumia anwani za kuazima, siku unapomhama mtoa huduma lazima ubadilishe anwani za seva zote, kuta za moto zote, na kuwaandikia washirika wote waliofungua milango kwa anwani za zamani. Kwa benki au hospitali hiyo si kazi ya wikendi.

Kuhusu ASN, masjala nyingi zitataka kuona kwamba unaunganishwa na zaidi ya mtandao mmoja, au kwamba sera yako ya njia inatofautiana na ya mtoa huduma wako. Usiogope kwamba zimeisha. Zile za zamani za biti 16 zilikuwa 65,536 tu, lakini tangu 2007 masjala zinatoa za biti 32, ambazo zinafika zaidi ya bilioni nne.

Hatua ya 2: Chagua mlango wa kuingilia

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni kuwa masjala ya ndani, yaani LIR: unapewa fungu kubwa, nawe unaligawa kwa wateja wako na kuandika mgao huo. Huu ni wa watoa huduma. Wa pili ni mtumiaji wa mwisho: unapewa anwani za matumizi yako tu, huruhusiwi kuzigawa kwa wengine. Chuo au benki huingia hapa. Katika kanda ya RIPE NCC mtumiaji wa mwisho hupitia kwa LIR anayemdhamini. Kwa AFRINIC na ARIN anaweza kuomba moja kwa moja.

Ada hulipwa kila mwaka. Masjala nyingi huzipanga kulingana na wingi wa namba ulizo nazo, ilhali RIPE NCC hutoza kila akaunti ya LIR ada ileile. Ziangalie kwenye jedwali la mwaka husika, kisha uziweke kwenye bajeti ya kudumu. Si gharama ya mradi inayolipwa mara moja ikasahauliwa. Ada isipolipwa, mwisho wake ni namba kurudishwa.

Hatua ya 3: Andika mpango wa anwani

Hapa ndipo maombi hufaulu au hukwama, kwa hiyo tuketi kidogo.

Tuanze na hali halisi ya IPv4. Namba za biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296 kwa jumla, na sehemu kubwa ya mapema iligawiwa kwa ukarimu ambao leo unashangaza: vyuo na makampuni kadhaa ya Marekani yalipewa /8 nzima, yaani anwani 16,777,216 kila moja. Tarehe 3 Februari 2011 IANA ilimaliza akiba yake kwa kuzipa masjala tano /8 moja moja, zile tano za mwisho. Tangu hapo kila kanda imekuwa ikibana. RIPE NCC ilitoa fungu lake la mwisho Novemba 2019 na sasa ina foleni: LIR ambaye hajawahi kupata IPv4 kwake husubiri /24 moja kutoka zile zinazorudishwa. ARIN iliishiwa Septemba 2015, nayo ina foleni ya miaka, kikomo /22. APNIC humpa mwanachama mpya hadi /23. LACNIC iliishiwa Agosti 2020 na foleni yake ni ya wapya tu. AFRINIC iliingia awamu ya mwisho ya uhaba Januari 2020, ambapo ombi moja haliwezi kuzidi /22 na anayerudi kuomba lazima athibitishe kuwa ametumia angalau asilimia 90 ya alizopewa awali.

Kwa hiyo mpango wa IPv4 uwe wa kubana. Orodhesha kila huduma inayohitaji anwani ya umma, na useme kwa nini haiwezi kukaa nyuma ya anwani ya pamoja. Mtoa huduma mwenye wateja elfu kumi wa nyumbani hahitaji anwani elfu kumi. Lipo fungu la 100.64.0.0/10 lililotengwa kwa ajili ya kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache. Mhakiki anajua hilo, na atakuuliza. Onyesha matumizi ya sasa, ya miezi michache ijayo, na jedwali la kila fungu dogo litakwenda wapi. Jedwali lenye mafungu manne yaliyopewa jina "akiba ya baadaye" halimshawishi mtu.

Mpango wa IPv6 unadai fikra tofauti kabisa, na hapa wahandisi waliolelewa na uhaba hupotoka. Huhesabu kompyuta, unahesabu mitandao midogo. Kila mtandao mdogo hupewa /64, hata uwe na vifaa viwili. Kila eneo la mteja hupewa hadi /48, ambayo ina mitandao midogo 65,536. LIR naye huanza na /32, ambayo ina /48 zipatazo 65,536. Kubana hapa ni hasara: mtu akimpa mteja /64 moja ili "asifuje", mteja huyo hataweza hata kutenganisha mtandao wa wageni na wa ofisi. Gawa kwa mipaka ya biti nne nne, yaani /32, /36, /40, /44, /48, ili jicho la binadamu lisome eneo moja kwa moja kwenye anwani. Acha nafasi kati ya eneo na eneo ili kila moja likue mahali pake bila kuvunjwa vipande.

Ushauri wangu: omba IPv6 siku ileile unayoomba IPv4, hata kama bosi anasema bado. Karatasi ni zilezile, na kwa kawaida kuongeza IPv6 hakupandishi ada sana.

Hatua ya 4: Wasilisha na kujibu maswali

Nyaraka za shirika zinazoombwa ni cheti cha usajili kilicho hai, uthibitisho wa anwani ya ofisi, na kitambulisho cha mtu mwenye mamlaka ya kusaini. Jina liwe lilelile, herufi kwa herufi, kwenye cheti, kwenye fomu na kwenye mkataba. Tofauti ndogo ya jina huchelewesha maombi kuliko hitilafu za kiufundi. Nyaraka za kiufundi ni mchoro wa mtandao, mikataba au barua za watoa huduma utakaounganishwa nao pamoja na ASN zao, ankara za vifaa, na ule mpango wa anwani.

Kisha mhakiki atakuandikia maswali. Si dalili ya kukataliwa. Anachotafuta ni kama mtandao upo kweli na kama namba zitatumika katika kanda, kwa sababu wako watu wanaounda kampuni za karatasi ili wachukue anwani wakaziuze. Jibu kila swali kwa namba lake, ambatisha ushahidi, na usizidishe maneno. Ombi likikaa muda mrefu bila jibu lako hufungwa, na unaanza upya.

Baada ya kukubaliwa unasaini mkataba wa huduma. Usome, hasa vifungu vya kurudishwa kwa namba na vya shirika kuungana na jingine.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza ukiwa nazo

Usikimbilie ruta. Anza na daftari.

Ingia kwenye akaunti ya masjala, hakikisha taarifa za shirika ni sahihi, kisha tengeneza mawasiliano ya wadhifa badala ya mtu. Barua pepe ya idara huendelea kusomwa mhandisi akiacha kazi. Barua pepe yake binafsi huondoka naye, na pamoja nayo uwezo wa kurejesha nywila. Weka anwani ya kupokea malalamiko ya matumizi mabaya, na awepo mtu wa kuisoma. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Mwizi wa anwani mara nyingi hahitaji kuvunja ruta yako: hununua jina la kikoa la barua pepe uliloliacha liishe, akaomba nywila mpya kwa jina lako.

Baada ya hapo sajili kumbukumbu ya njia, inayosema fungu hili hutangazwa na ASN hii, kwa kuwa watoa huduma wengi hutengeneza vichujio vyao kutokana nayo. Kisha weka ROA.

ROA ni tamko lililotiwa saini ya kidijitali katika RPKI, mfumo wa vyeti unaothibitisha nani amekabidhiwa namba zipi, na masjala zote tano hukuwezesha kulitengeneza kwenye tovuti zao. Linasema mambo matatu: fungu, ASN inayoruhusiwa kulitangaza, na udogo wa mwisho unaokubalika. Umuhimu wake ulionekana kabla halijaenea. Februari 2008 kampuni ya Pakistan Telecom, ikitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi, ilitangaza 208.65.153.0/24. YouTube wakati huo ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22. Ruta hufuata njia ya fungu dogo zaidi, na tangazo hilo lilivuja nje kupitia mtoa huduma wake. Kwa muda wa saa mbili hivi YouTube ilipotea sehemu kubwa ya dunia. Leo, mtandao unaokagua ROA ungeona tangazo hilo limetoka kwa ASN isiyoruhusiwa na kulitupa.

Tahadhari: ROA isiyo sahihi hukuzima mwenyewe. Ukiandika /22 bila kuruhusu vipande vidogo, halafu ukatangaza /24 ndani yake, mitandao inayokagua itakutupa wewe. Dawa si kuruhusu hadi /24 kwa jumla, maana hapo unamfungulia mlango mdanganyifu atakayejifanya ASN yako kwa kipande usichokitangaza. Andika ROA kwa kila tangazo unalolitoa kweli, na usiandike zaidi. Tengeneza ROA kwanza, subiri isambae, ndipo utangaze.

Kinachobaki ni jina la kinyume, ile njia ya DNS, mfumo wa majina ya intaneti, ya kutoka anwani kwenda jina, chini ya in-addr.arpa kwa IPv4 na ip6.arpa kwa IPv6. Masjala inakukabidhi eneo hilo, nawe unaelekeza kwenye seva zako. Ukiliruka, seva yako ya barua pepe itakataliwa na wengi.

Hatua ya 6: Kutunza

LIR anayemkabidhi mteja fungu aliandike kwenye daftari siku hiyohiyo. Siku utakaporudi kuomba zaidi, masjala haitauliza mtandao wako una shughuli kiasi gani, itasoma daftari. Mgao usioandikwa ni kana kwamba haujatumika. Na malalamiko kuhusu mteja huyo yatakuja kwako.

Kampuni ikibadili jina, ikinunuliwa au ikiungana na nyingine, ijulishe masjala wakati hati bado ziko mezani. Miaka mitano baadaye, wakati wakili aliyesimamia hayuko na kampuni ya zamani imefutwa, kuthibitisha kwamba wewe ndiye mrithi ni mateso.

Namba zisipokutosha

Kuna soko la kuhamisha IPv4. Lilijulikana sana mwaka 2011, pale Nortel iliyofilisika ilipoiuzia Microsoft anwani 666,624 kwa dola milioni 7.5. Kinachohamishwa ni ile kumbukumbu ya daftari, kwa hiyo bila idhini ya masjala hujanunua kitu. Fuata mpangilio huu: pata kwanza uthibitisho wa masjala yako kwamba unastahili kupokea, kagua historia ya fungu, nani amelitangaza na kama limo kwenye orodha nyeusi za barua taka, weka fedha kwa mtu wa tatu hadi daftari libadilike, ndipo ulipe. Kanuni hutofautiana. ARIN hudai mpokeaji aonyeshe haja, RIPE NCC haidai kwa uhamisho wa ndani ya kanda yake, nayo AFRINIC huruhusu uhamisho wa ndani ya kanda tu. Anwani ulizozipata kwenye foleni huwa na muda wa kushikiliwa kabla ya kuhamishika: miezi 24 kwa RIPE NCC, 60 kwa ARIN.

Kukodi anwani ni rahisi zaidi, na binafsi siupendi mtindo huo kwa huduma za kudumu. Unarudi palepale pa kuazima, safari hii kwa mtu usiyemjua, na jina lililo kwenye daftari si lako.

Kanuni hutungwa na nani

Hizo /22, miezi 24 na asilimia 90 hazikutungwa na wafanyakazi wa masjala. Zililetwa kama mapendekezo, zikajadiliwa hadharani na kupitishwa kwa maafikiano. Mtu yeyote anaweza kuleta pendekezo, hata asiye mwanachama. Kuchagua bodi ndiko kazi ya wanachama. Kwamba bodi si pambo kulionekana AFRINIC: baada ya mgogoro wa kisheria kuhusu namba za mwanachama mmoja, akaunti za benki za AFRINIC zilizuiwa na mahakama Julai 2021, bodi ikakosa akidi, na Septemba 2023 mahakama ikamteua msimamizi wa mufilisi kuiendesha. Huduma za msingi ziliendelea.

Kwa hiyo ukishaingia, angalia kwenye akaunti ni nani ameandikwa kama mpiga kura wa shirika lako. Mara nyingi ni mtu aliyejaza fomu ya kwanza na ambaye hamko naye tena. Mbadilishe kabla ya tangazo la uchaguzi, kwa kuwa orodha ya wapiga kura hufungwa mapema.